Vipimo Viko Sawa, Lakini Mwili Bado Unalia

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 19:1-18, 1 Samweli 1:9-18, Marko 5:25-34, Zaburi 131

Lengo la somo: Tuelewe kwa nini mtu anaweza kuumwa kweli na vipimo visionyeshe kitu, na tujifunze kumsaidia kwa maombi, kwa subira na kwa hekima, bila kumwongezea mzigo.

Wiki hii tunagusa jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya.

Tuseme kuna dada katika kanisa letu, wa miaka arobaini hivi. Kichwa kinamuuma, mabega ni mazito kama amebeba gunia, tumbo linawaka, na usiku moyo unaenda mbio bila sababu. Amepigwa eksirei, amepimwa damu, amepimwa presha, ametibiwa taifodi mara tatu. Kila akirudi anaambiwa, "Mama, vipimo viko sawa, hatuoni kitu." Akitoka huko anakuja kwa maombi. Anawekewa mikono, anapata nafuu siku mbili tatu, halafu maumivu yanarudi. Jumapili moja mtu anamnong'onezea, "Dada, labda imani yako bado." Mwingine anamwambia, "Chunguza vizuri, huenda kuna dhambi umeficha." Basi dada anaamua kunyamaza. Anaendelea kuimba kwaya, ukimuuliza habari anajibu, "Mzuri tu, namshukuru Mungu," na ndani ya mkoba ana pakiti ya dawa za maumivu aliyonunua kwa kemisti.

Somo la leo ni la dada huyo. Ni la kaka anayeumwa mgongo miaka saba na hajawahi kumwambia mtu. Na ni letu sisi tunaowaombea, kwa sababu wakati mwingine tumewaumiza tukidhani tunawasaidia.

1. MAUMIVU HAYA NI YA KWELI

Jambo la kwanza, tusichanganye maneno mawili. "Vipimo havionyeshi kitu" si sawa na "hakuna kitu." Eksirei inaonyesha mfupa. Skani inaonyesha uvimbe. Kipimo cha damu kinaonyesha viini vya ugonjwa au upungufu wa damu. Lakini hakuna eksirei inayoonyesha shingo iliyokaza kwa miaka kumi, wala tumbo linalojikunja kila jioni mlango unapobishwa.

Madaktari wanawajua wagonjwa wa namna hii katika kila nchi. Zamani walikuwa wanawaweka katika kundi la watu ambao maumivu yao hayana maelezo ya kitabibu. Mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la kitabu chake cha kutambua magonjwa, kigezo hicho cha kukosa maelezo kiliondolewa kwa sehemu kubwa. Sasa daktari anaelekezwa kutazama mtu anateseka kiasi gani na maisha yake yameharibika kiasi gani. Hiyo ni hatua nzuri, kwa sababu mgonjwa hahitaji kuthibitisha kwamba hasemi uongo.

Sasa, maumivu hayo yanatoka wapi? Mungu ameweka ndani ya miili yetu mfumo wa neva unaofanya kazi bila sisi kuuamuru. Sehemu yake moja inaamka wakati wa hatari. Inamwaga homoni kama adrenalini na kotisoli, moyo unaenda kasi, misuli inakaza ili ukimbie au upigane, na kazi ya tumbo inapunguzwa. Sehemu ya pili inatuliza: moyo unapungua kasi, chakula kinasagwa, usingizi unakuja. Hatari ikipita, mwili unatakiwa kurudi kwenye utulivu. Lakini mtu aliyeishi na hofu kwa muda mrefu anaweza kukwama katika ile hali ya hatari. Anakaa kwa kiti kanisani, hakuna anayemfukuza, na mwili wake bado unakimbia. Ubongo nao, ukizoea kupokea habari za maumivu, unazidi kuzisikia kwa sauti kubwa, hata zile ndogo.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili tangu zamani. Tunasema mtu ana tumbo joto, ana moyo mzito, roho iko juu, maini yanamkatika. Wazee waliosema hivyo hawakuwa wanatunga maneno ya kupendeza. Walisikia uchungu ndani ya miili yao, wakautaja mahali ulipo.

2. TULIJIFUNZA WAPI KUBEBA UCHUNGU?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia aliyeitwa Mary Ainsworth alifika Kampala, jirani zetu hapa Uganda. Alikuwa ametoka London, ambako alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyefundisha kwamba mtoto anahitaji kushikamana na mlezi wake kama vile anavyohitaji chakula. Ainsworth aliingia vijijini karibu na Kampala, akawa anatembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Alikuwa anakaa nao nyumbani kwao, anatazama, anauliza, anarudi tena baada ya siku kadhaa. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo mtu akikuambia mafundisho haya ni mambo ya Wazungu tu, mkumbushe kwamba sehemu kubwa ilionekana kwanza migongoni na mapajani mwa akina mama wa Kiganda.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anamwelewa na kumjibu akilia, ndiye anayethubutu kutambaa mbali kwenda kuchunguza vitu. Anaenda, anageuka kumtazama mama, anaenda tena. Akitishika anarudi mbio, anabebwa, anatulia, anashuka tena kucheza. Mama ni kama ngome. Soma Zaburi 131 uone Daudi akieleza nafsi yake kama mtoto aliyetulia kwa mama yake. Mtunga zaburi alijua utulivu unajifunzwa mahali gani kwanza.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth alitengeneza jaribio la kama dakika ishirini. Mtoto wa karibu mwaka mmoja anaachwa kidogo na mama yake katika chumba kigeni, kisha mama anarudi. Watafiti walitazama hasa pale mama anaporudi. Yeye na wale waliomfuata walieleza njia nne.

Ushikamano salama. Mtoto analia mama akiondoka, mama akirudi anamkimbilia, anatulizwa, anarudi kucheza. Akikua, ni mtu anayeweza kusema "nimeumia, nisaidie," na akisaidiwa anapokea.

Ushikamano wa wasiwasi. Mtoto analia sana, na mama akirudi anamng'ang'ania huku amemkasirikia, hatulii. Mara nyingi ni mtoto anayejibiwa leo na kesho hajibiwi. Akikua, simu isipojibiwa anaona ameachwa. Anaogopa kila dalili mwilini, na anatafuta mtu wa kumhakikishia tena na tena.

Ushikamano wa kujitenga. Mtoto haonyeshi kulia, na mama akirudi anamgeuzia mgongo kama hajamwona. Amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu. Akikua ni yule wa "niko sawa." Anahudumia wote, hasaidiwi na yeyote.

Ushikamano wa hofu. Huu ulielezwa miaka ya 1980 na Mary Main na Judith Solomon. Mtoto anamwendea mlezi na kumkimbia kwa wakati mmoja, kwa sababu mara nyingi aliye kimbilio lake ndiye pia anayemtisha. Akikua, anatamani sana mtu wa karibu na anamwogopa mtu huyo huyo.

Wapendwa, tafadhali tusitumie orodha hii kulaumu mama zetu. Kuna mama alimwacha mtoto kwa shosho ili akatafute kazi mjini, na asingefanya hivyo wangekufa njaa. Kuna watoto walipelekwa shule ya bweni wakiwa wadogo sana kwa nia njema kabisa. Kuna baba alilelewa kwa kiboko akajua hiyo ndiyo njia ya kulea. Tunataja haya ili mtu aelewe mwili wake, si ili akafungue kesi na wazazi. Na hizi njia nne si hukumu ya maisha. Mtu anaweza kujifunza usalama akiwa mtu mzima, kupitia ndoa nzuri, rafiki mwaminifu, mshauri, na kanisa linalopenda kweli. Hata Zaburi 27:10 inasema wazi kwamba palipo na pengo la baba na mama, Bwana mwenyewe hupokea.

3. MTOTO ASIYELIA, MOYO WAKE UNALIA

Sasa tufike mahali ambapo mambo haya mawili yanakutana.

Yule mtoto wa kujitenga, asiyelia, alionekana mtulivu kuliko wote. Mgeni angesema, "Huyu ni mtoto mzuri, hasumbui." Lakini watafiti walipopima mapigo ya moyo wa watoto kama hao, waliona moyo unaenda mbio sawa na wa wenzake wanaolia. Mwaka 1993, Gottfried Spangler na Klaus Grossmann wa Ujerumani walipima mapigo ya moyo na pia kotisoli kwenye mate ya watoto. Homoni ile ya msongo ilipanda kwa watoto ambao hawakuwa na ushikamano salama, hasa wale waliovurugika. Uso ulikuwa kimya na mwili ulikuwa unapiga kelele.

Mpendwa, simama hapo kidogo. Ni wangapi katika ibada yetu walijifunza zamani kwamba mtoto wa kiume halii, kwamba msichana mwema hanung'uniki, kwamba ukisema umeumia utapigwa zaidi? Walinyamaza. Lakini kilio hakikupotea, kilihamia kwenye mabega, tumbo, kifua na mgongo. Daudi anasimulia katika Zaburi 32:3-4 jinsi mifupa yake ilivyochakaa alipokaa kimya. Yeye alikuwa ananyamazia dhambi. Wengine wananyamazia dhambi walizotendewa na watu wengine, na mifupa inachakaa vilevile.

Mwaka 2002, daktari Paul Ciechanowski na wenzake huko Seattle, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa wakitibiwa katika kliniki za kawaida. Wenye ushikamano wa wasiwasi na wenye ushikamano wa hofu ndio walioripoti dalili nyingi zaidi za mwili. Lakini angalia tofauti: wale wa wasiwasi walikuwa wakitumia sana huduma za daktari, na wale wa hofu, ingawa waliumwa kiasi hicho, ndio walioenda kwa daktari mara chache zaidi.

Hilo linatufundisha jambo kanisani. Kuna mshirika anayekuja mbele kila Jumapili kuombewa, hadi watu wa maombezi wanachoka wanasema, "Ni yule tena." Na kuna mwingine aliyekaa kiti cha nyuma, anaumwa kama yeye au zaidi, na hatakuja mbele hata siku moja. Wa kwanza tusimdharau. Wa pili tusimsahau.

Niseme pia kwa uaminifu: si kila maumivu yasiyoonekana kwa vipimo yanatoka utotoni. Mtu aliyelelewa vizuri anaweza kuvunjwa na ajali, na msiba, na ndoa ngumu, na madeni. Na kuna magonjwa ya kawaida kabisa ambayo huchukua muda kugunduliwa. Kwa hiyo usimfungie mtu katika maelezo moja.

4. MUNGU ALIANZA NA MWILI WA ELIYA

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa pale Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha. Hakuna mtu anaweza kusema hana imani. Lakini ujumbe mmoja wa vitisho kutoka kwa Yezebeli unamfanya akimbie, amwache mtumishi wake, aingie jangwani, aketi chini ya mti na kuomba afe. Mwili umekwisha, moyo umekwisha.

Angalia kwa makini Mungu alifanya nini, na kwa mpangilio gani. Hakumtumia mahubiri kwanza. Hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, akimwambia kwamba safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake. Kisha akatembea siku 40 mpaka Horebu. Ni usingizi, ni mguso, ni chakula, ni kutembea. Ndipo baadaye, pangoni, yakaja mazungumzo.

Na katika mazungumzo hayo, Mungu alimuuliza swali moja mara mbili: unafanya nini hapa? Eliya akajibu malalamiko yale yale mara mbili, karibu neno kwa neno. Mungu hakumkatiza kwamba ameshasema. Alimsikiliza. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana alikuja kwa sauti ndogo ya utulivu. Mtu ambaye mwili wake umejaa hofu hahitaji kupigiwa kelele zaidi. Mwishoni Mungu akampa mwenzake, Elisha, na kumwambia kuna watu 7,000 ambao hawakupiga magoti kwa Baali. Yaani Eliya, hauko peke yako.

Hapo tunaona uponyaji unaopitia mwilini na unaopitia kwa mtu wa kushikamana naye. Mungu alitumia vyote viwili, na hakupungukiwa na utukufu.

5. TIBA INAYOPITIA MWILINI

Wataalamu nao wamegundua kwamba kwa mtu wa namna hii, maneno peke yake mara nyingi hayatoshi. Unaweza kumwambia usiogope mara mia, lakini misuli haisikii hotuba. Ndiyo maana kuna tiba zinazoanza na mwili.

Huko Oslo, Norway, miaka ya 1940, mtaalamu wa viungo Aadel Bülow-Hansen na daktari wa akili Trygve Braatøy walifanya kazi pamoja. Waliona kwamba mtu anayezuia hisia zake huzuia na pumzi yake, na misuli yake inakaza. Wakaanza kutibu mkao, misuli na pumzi polepole, huku wakimpa mgonjwa nafasi ya kusikia kilicho ndani. Marekani, daktari Edmund Jacobson alichapisha mwaka 1929 njia ya kukaza kikundi kimoja cha misuli kisha kukilegeza, ili mtu ajue tofauti kati ya kukaza na kulegea. Siku hizi, katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, Profesa Helen Payne ametengeneza mpango wa vikundi kwa watu wenye maumivu ambayo madaktari hawajapata sababu yake. Wanakutana, wanajongea taratibu, wanafuatilia pumzi, wanachora, wanazungumza. Kikundi chenyewe ni sehemu ya tiba, kwa sababu mtu anajifunza kwamba anaweza kuonekana akiwa ameumia na asifukuzwe.

Tiba hizi si miujiza na hazimsaidii kila mtu kwa kiwango sawa. Lakini zimewapa wengi njia ya kufanya urafiki tena na miili yao.

Wengine watauliza, "Je, hii si kuingiza mambo ya dini nyingine kanisani?" Ni swali la haki. Jibu ni hili: pumzi si mali ya dini yoyote. Mwanzo 2:7 inatuonyesha ni nani aliyeipulizia puani mwa mwanadamu. Hapa hatumwiti roho mwingine, hatukariri majina tusiyoyajua, hatuondoi akili zetu. Tunaupa mwili aliouumba Mungu nafasi ya kutulia mbele zake. Mazoezi yoyote yanayokutaka uabudu kitu kingine, achana nayo.

Haya ni mazoezi manne ya kujaribu wiki hii:

Pumzi. Keti, miguu miwili ikanyage chini. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta, moyo unapunguza kasi. Fanya kwa dakika tano, asubuhi na usiku. Ukipenda, omba moyoni kila unapotoa pumzi: "Bwana, niko mikononi mwako."

Misuli. Ukiwa kitandani, kunja vidole vya miguu kwa nguvu ukihesabu hadi tano, kisha achia. Panda kwenye mapaja, tumbo, viganja, mabega, uso. Mahali palipo na kidonda au maumivu makali usipakaze.

Kutaja. Weka mkono mahali panapouma ujiulize, "Hapa pana nini? Ni uzito, ni joto, ni kubana? Kulianza lini? Siku hiyo nilikuwa nimepitia nini?" Usilazimishe jibu. Zaburi nyingi zinaanza hivyo, kwa kutaja mahali panapouma mbele za Mungu.

Kutembea. Tembea dakika ishirini, ikiwezekana na mtu unayemwamini. Si lazima mzungumze sana.

Lakini angalia: ukifanya zoezi ukaanza kukumbuka mambo mazito, kama kubakwa, kupigwa, au yale tuliyoyaona wakati wa machafuko, acha. Fungua macho, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, shika kitu baridi, piga simu kwa mtu wako. Mambo hayo yanahitaji mshauri aliyefunzwa. Usiyaingie peke yako.

6. HOSPITALI KWANZA, NA MAOMBI WAKATI WOTE

Mtu asisome somo hili akaamua kuacha hospitali. Kabla ya kusema maumivu yanatokana na msongo, lazima daktari akuangalie vizuri. Na hata baada ya hapo, rudi haraka ukiona dalili mpya: kukonda bila sababu, kutokwa damu, homa isiyoisha, kifua kubana, upande mmoja wa mwili kulegea, uvimbe unaokua. Usiache dawa zako za presha, za sukari, za kifafa au za akili kwa sababu umeombewa. Mungu akikuponya, daktari wako ataona na atakupunguzia yeye mwenyewe. Na dawa za maumivu zisiliwe kila siku bila ushauri. Baadhi zinaharibu tumbo na figo, ukajikuta umeongeza ugonjwa wa pili.

Muulize daktari kuhusu mtaalamu wa viungo na mshauri nasaha. Kwenda kwa mshauri si kuitwa mwendawazimu, wala si kumwambia Mungu kwamba ameshindwa. Na ikiwa umefika mahali pa Eliya, unatamani kufa, usimalize siku ya leo bila kumwambia mtu. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, au mwambie mchungaji, au jirani, leo hii.

7. TUWAOMBEE NAMNA GANI?

Hana alikuwa hekaluni, hali chakula, midomo inatetemeka bila sauti. Kuhani Eli alimtazama akaamua amelewa. Mtumishi wa Mungu, mahali pa ibada, aliusoma vibaya mwili wa mwanamke mwenye uchungu. Lakini Eli ana jambo moja jema: Hana alipojieleza, alimsikiliza na kubadilisha maneno yake. Biblia inasema Hana akaenda, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Samweli alikuwa bado hajazaliwa. Uso ulibadilika aliposikilizwa na kubarikiwa.

Na yule mwanamke wa Marko 5, aliyeteseka miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Damu ilikoma mara alipogusa vazi la Yesu. Kama uponyaji ni mwili tu, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Yesu alisimamisha msafara wote, akamtafuta, akamsikiliza akieleza ukweli wote, akamwita binti. Alimpa mwili mzima na akampa mahali pa kuwa mtoto.

Basi watu wa maombezi, na sisi sote, tushike haya:

Muulize mtu kabla ya kumgusa. Aliyeguswa vibaya zamani anaweza kuruka akiwekewa mkono ghafla, na hilo si pepo.

Punguza sauti kwa mtu anayetetemeka. Tunaamini katika maombi ya nguvu, lakini nguvu si lazima iwe kelele.

Usimwambie mgonjwa kwamba hana imani. Amekuja. Kuja kwenyewe ni imani.

Usimlazimishe kutoa ushuhuda kabla hajapona. Atasema amepona ili kukufurahisha, na kesho ataona aibu kurudi.

Akirudi mara ya pili na ya kumi na malalamiko yale yale, kumbuka pangoni Horebu.

Asiyekuja mbele, mfuate wewe. Mtembelee, mnywe chai, usiwe na haraka ya kumhoji.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwenu ulipokuwa mtoto, ukilia nini kilifanyika? (Jibu ukipenda tu. Hakuna kulazimishana.)

2. Kati ya zile njia nne, ni ipi unayoiona zaidi ndani yako unapoumwa?

3. Katika 1 Wafalme 19, ni kitu gani Mungu alimpa Eliya ambacho wewe unakikosa sasa: usingizi, chakula, mtu wa kukugusa, au mtu wa kukusikiliza?

4. Kikundi chetu kimewahi kumwumiza mtu kwa maneno wakati anaumwa? Tunaweza kurekebisha vipi wiki hii?

Viongozi wa vikundi: yatakayosemwa hapa yabaki hapa. Mtu akilia, msikimbilie kumnyamazisha. Kaeni naye.

MAOMBI

Bwana Yesu, wewe uliyechukua mwili na kujua uchovu, njaa na machozi, tunakuletea miili yetu. Tunakuletea vichwa vinavyouma, vifua vinavyobana, na matumbo yasiyotulia. Unajua yalikoanzia hata pale daktari hajaona. Ponya unachotaka kuponya leo, na kwa kile kitakachochukua muda, tupe wa kutembea naye. Wape madaktari na washauri hekima. Utusamehe kama kanisa pale tulipomhukumu aliyekuwa anaumwa. Utufanye kuwa mahali ambapo mtu anaweza kusema "nimeumia," na asiachwe. Katika jina la Yesu, Amina.